Kura ya Kiti Kitupu

Walikuwa watu tisa, na walitumia wiki saba kumchagua kiongozi mmoja. Tena katika wiki hizo saba, kwa sita hawakuwa wakimchagua kiongozi. Walikuwa wakichagua namna ya kumchagua. Fundi, ambaye alikuwa mmoja wa hao tisa na hakujivunia, alisema watoto wenye chumba kile wangelimaliza jambo hilo kabla ya mapumziko na wangebaki na muda wa kugombania kalamu za rangi.

Chumba kilikuwa cha shule ya chekechea kweli. Mke wa mmoja wao alikuwa mwalimu mkuu pale, akawaachia darasa moja kila Jumamosi mchana. Basi ungewaona watu wazima, wengine na mvi zao, wamebanana kwenye viti vya plastiki visivyowafika hata magotini, wanajadili demokrasia. Ukutani kulikuwa na twiga wa zambarau na orodha ya walionawa mikono bila kukumbushwa. Hakuna hata mmoja aliyeona haya.

Kilichowakutanisha kilikuwa programu ya kompyuta iitwayo Daftari, waliyoiandika kwa kujitolea na kuigawa bure kwa kliniki ndogo za watoto. Muuguzi anaingiza jina la mtoto, na programu inamwambia chanjo ipi ameshapata na ipi bado. Kliniki tisini na nne ziliitumia. Ilikuwa kazi nzuri, Fundi mwenyewe alikiri, na ndiyo sababu hakuwa ameondoka zamani. Riziki yake ilikuwa kutengeneza mashine za fotokopi katika chumba cha nyuma cha duka la karatasi, vidole vyeusi kwa wino wa unga mwaka mzima. Kuandika programu alijifunza mwenyewe, palepale mezani, kati ya rola zilizochakaa. Katika wale tisa ni yeye peke yake ambaye hakuwahi kukanyaga chuo kikuu, na alihakikisha hawasahau.

Mwanzilishi wao alikuwa amepata kazi nyingine, akaaga kwa barua ya mistari mitatu. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Kwa kanuni zao, toleo jipya la Daftari haliendi kliniki yoyote bila saini ya kiongozi, na saini hiyo ilitiwa kwa ufunguo wa siri ambao mtu mmoja tu aliruhusiwa kuutumia. Mwanzilishi aliurudisha ndani ya bahasha, ikagundishwa na kukabidhiwa kwa Katibu, mwanamke wa makamo aliyefanya kazi ofisi ya bima na aliyeandika kumbukumbu za kila mkutano kwa herufi za kupendeza. Angeweza kuifungua bahasha ile kwa ukucha. Hakuifungua. Kanuni ni kanuni, alisema, na Fundi akamwekea kinyongo cha kwanza.

Kanuni hiyo, lakini, hakuweza kuitukana waziwazi, kwa maana yeye ndiye aliyesababisha iwekwe. Miaka miwili nyuma alituma toleo kwa pupa yake, likafuta tarehe za kuzaliwa katika kliniki kumi na mbili. Kwa hiyo aliacha ile, akatukana nyingine zote.

Wiki ileile ya barua, dada yake alimpigia simu kazini. Alikuwa mkubwa wake kwa miaka sita, muuguzi wa kliniki ya watoto, na hakuwa na kawaida ya kupiga simu mchana.

"Mdogo wangu," alisema, "hiyo programu yenu inameza watoto."

Mama mmoja alikuwa amekuja na mapacha, wasichana wawili. Wa kwanza akachomwa sindano ya surua, akaingizwa kwenye kompyuta. Alipoitwa wa pili, kompyuta ikasema ameshachanjwa. Dada alijaribu mara tatu. Mtoto wa pili hakuwamo. Alikuwamo mmoja tu, na mwenzake alikuwa amekaa kwenye mizani pale mbele yake, analia.

Fundi hakuhitaji dakika kumi kuipata kasoro. Katika toleo la mwisho, Profesa alikuwa ameongeza maarifa yake. Profesa hakuwa profesa. Alikuwa mtakwimu wa kampuni ya maji, na jina hilo alilipata kwa kuwa hakuwahi kujibu swali kwa chini ya nusu saa. Alikuwa amechoshwa na wauguzi wanaomwandika mtoto mmoja mara mbili, akaiamuru Daftari kwamba watoto wawili wenye mama mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa na jinsia moja ni mtoto yuleyule, iwaunganishe. Mtu mwenye shahada mbili alikuwa amesahau kwamba duniani kuna mapacha.

Hadi jioni Fundi alikuwa ameandika dawa yake, mistari kumi na minne. Katibu akairudisha na swali: wakizaliwa watatu je? Swali lilikuwa la haki, na ndilo lililomkata maini zaidi. Alirekebisha, akaituma tena bila salamu. Hicho kilikuwa kinyongo cha pili.

Kilichobaki kilikuwa saini tu. Dada yake aliwaandika mapacha wake kwenye daftari la shule kwa kalamu nyekundu, asiiamini tena kompyuta. Lakini huyo ni dada yake, muuguzi wa miaka ishirini anayemtazama mtoto kabla ya kutazama kioo cha kompyuta. Zilibaki kliniki tisini na tatu, na huko kulikuwa na watu wanaokiamini kioo.

Jumamosi ya kwanza Fundi aliwaeleza haya yote. Waliguna kwa huruma. Katibu aliandika. Kisha Profesa akasimama, akasema jambo hili la kusikitisha ndilo hasa linaloonyesha kwa nini kiongozi apatikane kwa njia isiyo na doa, na akagawa karatasi kumi na nane zilizobanwa pini.

Kunyoosha mikono, kwa mujibu wa karatasi hizo, kulikuwa kwa watu wasiofikiri. Akachukua wanyama wa kuchezea kutoka kwenye kikapu cha watoto, akawapanga mezani kuonyesha jinsi kura za kawaida zinavyodanganya. Simba alimshinda kondoo, kondoo akamshinda bata, bata akamshinda simba. Fundi aliuliza bata alimshindaje simba. Aliambiwa maswali ni mwishoni. Profesa alitaka kila mpiga kura awapange wagombea kwanza hadi mwisho, halafu washindanishwe wawili wawili, na atakayewashinda wenzake wote ndiye. Mchora ramani mmoja, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, alipinga kwa moyo wote. Yeye alitaka kila mtu atie alama kwa wote anaowakubali, basi. Wiki ya pili wawili hao walileta vitabu. Wiki ya tatu walikuwa hawasalimiani.

Dada yake alipouliza wamefikia wapi, Fundi alimjibu kwamba wanachagua namna ya kuchagua.

"Hapa tukikosa mkuu wa zamu," dada alisema, "tunamtafuta anayejua funguo za stoo ziko wapi. Basi, tunaendelea na kazi."

Katika hiyo wiki ya tatu ndipo Fundi alipofanya mzaha wake. Alikuwa amechoka, mgongo unamuuma kwa kile kiti cha kitoto, na mbele yake wagombea walikuwa wawili tu baada ya makelele yote: Profesa na Katibu. Akasukuma kwa mguu kiti kimoja kilichokuwa hakina mtu.

"Wekeni na hiki kwenye karatasi ya kura," alisema. "Wengine wetu ndiye tutakayemchagua. Huyu angalau hana maneno."

Hawakucheka. Hilo ndilo lililomshangaza hadi mwisho, kwamba watu tisa walikuwa chumbani na asicheke hata mmoja. Mchora ramani alisema ni hoja nzito. Profesa alisema vyama makini huweka nafasi ya namna hiyo, ili mpiga kura asilazimishwe kumkubali asiyemfaa. Kwa mara ya kwanza ndani ya wiki tatu wawili hao walikubaliana, wakakumbatiana kwa macho. Walijadili saa mbili nzima, wakapitisha: chini ya majina mawili kutakuwa na mstari wa tatu, Kiti Kibaki Kitupu, na mstari huo ukishinda, kila kitu kinaanza upya, wagombea wapya na hata njia mpya ya kupiga kura. Katibu akauliza kama kuna anayepinga. Fundi alikuwa ameinamia simu, anamwelekeza mteja jinsi ya kuchomoa karatasi iliyokwama bila kuing'oa rola. Hakuna aliyepinga.

Wiki ya nne lilizuka swali la kutisha, kwamba ili kuichagua njia lazima kwanza wawe na njia ya kuichagua. Walihema nalo mchana mzima, mpaka mume wa mwalimu mkuu akasema watoto wana tamasha Jumatatu na darasa linatakiwa kufagiliwa. Hapo wakaona taabu, wakanyoosha mikono. Kwa mikono sita dhidi ya mitatu wakaamua kwamba kunyoosha mikono si njia ya kuaminika, na njia ya Profesa ikapita. Fundi alitazama huku na huku atafute mwenzake wa kumkonyeza. Hakumpata.

Wiki ya tano rafiki wa Profesa aliandika programu ya kuhesabu kura. Kura tisa. Fundi alizihesabu kwa vidole vyake na kikabaki kimoja, akakitumia kujikuna sikio. Wiki ya sita wagombea walisoma hotuba. Profesa alisoma kurasa nane kuhusu dira. Katibu alisema sentensi nne, na moja ilikuwa kwamba akichaguliwa toleo la mapacha litatoka siku hiyohiyo. Fundi aliisikia vizuri. Aliisikia, akawaza kwamba mtu mwenye bahasha mkobani wiki sita hana haki ya kuahidi kitu ambacho ukucha ungekifanya, na akakunja uso.

Kura ilipigwa siku ya Ijumaa, kila mtu kwa simu yake. Fundi alipiga ya kwake saa sita mchana, mashine ya shule moja imelala ubavu mezani, matumbo nje. Alikuwa ameshapiga hesabu. Profesa alikuwa na watu wanne, yeye mwenyewe akiwemo; hao walijulikana, walikaa pamoja na kuitikia kwa vichwa. Wanne wengine walikuwa wa Katibu. Na mtu akiwa na wanne kwa wanne, hesabu ya kawaida ingemwambia wa tisa ni nani. Lakini Fundi alishajiaminisha kwamba mume wa mwalimu mkuu, aliyekaa kwa Profesa kwa sababu ya adabu tu, angemkimbia gizani, kwa kuwa kura ilikuwa ya siri. Kwa hiyo Katibu alikuwa na watano, akapita, na kura ya Fundi ilikuwa ya kuchezea.

Akaichezea. Kwenye namba moja aliweka Kiti Kibaki Kitupu. Namba mbili Katibu, namba tatu Profesa. Alitaka katika karatasi tisa iwemo moja itakayoonyesha kwamba kwenye genge lile kulikuwa na mtu mmoja mwenye akili timamu. Alibonyeza kutuma kwa kidole chenye wino, akarudi kwenye mashine akipiga mluzi. Kwa kweli alijisikia vizuri mno.

Jumamosi matokeo yaliangazwa ukutani, juu ya twiga. Kura hazikuwa na majina, lakini zote tisa zilionekana, safu kwa safu. Wanne walikuwa wameandika Profesa, kisha kiti kitupu, kisha Katibu. Wanne walikuwa wameandika Katibu, kisha kiti kitupu, kisha Profesa. Ilichukua muda Fundi kuelewa anachokitazama. Kila upande ulikuwa umeambizana kimyakimya kwamba kuliko mwenzetu ashinde, afadhali asiwepo mtu. Watu wanane wasomi, na hilo ndilo walilolifanya na njia yao isiyo na doa.

Na chini kabisa, peke yake, ilikuwepo kura ya tisa.

Programu ilishindanisha wawili wawili kama ilivyofundishwa. Katibu dhidi ya Profesa, tano kwa nne. Kiti kitupu dhidi ya Profesa, tano kwa nne. Kiti kitupu dhidi ya Katibu, tano kwa nne. Ikafikiri kidogo, halafu ikaandika kwa herufi za kijani: Mshindi ni Kiti Kibaki Kitupu. Tunampongeza mshindi na kumtakia uongozi mwema.

Profesa alipangusa miwani, akasema wote wameona, njia imefanya kazi barabara. Mchora ramani alisema kwa njia yake hili lisingetokea. Sauti zikapanda. Fundi hakusikia tena nani anasema nini. Alikuwa anahesabu. Kama kura ile ya tisa ingemweka Katibu mbele ya kiti, Katibu angewashinda wote wawili, tano kwa nne, na bahasha ingefunguliwa pale pale. Na wangelinyoosha mikono Jumamosi ya kwanza, kwa ule ushamba wasioutaka, mkono wake ungeenda kwa Katibu, kwa kununa, lakini ungeenda. Hakuna mtu anayekinyooshea kiti mkono.

Katibu alikuwa ametoa bahasha na kuiweka mezani, kati ya simba na bata. Sasa aliichukua, akairudisha mkobani taratibu.

"Nilikuwa nimeshaandaa kila kitu," alisema, bila kumtazama yeyote. "Mapacha tu, hakuna kingine. Ilikuwa kazi ya dakika mbili." Kisha akauliza, "Huyu mmoja, sitaki jina, nataka kuelewa tu. Alikuwa anamtaka nani?"

Fundi alisoma orodha ya walionawa mikono, jina moja moja, kuanzia juu.

Jumatatu asubuhi hakwenda kazini. Alikwenda kliniki kwa dada yake, akamkuta anapanga kadi mezani, akina mama wameshajaa mabenchi. Dada aliuliza kama kiongozi amepatikana. Fundi akamweleza, matokeo na kura tisa, na alipofika ile ya mwisho akasema ni yake. Hakuipamba. Dada aliacha kupanga.

"Ulimpigia kura kiti," alisema.

"Nilidhani atapita tu."

Angemkaripia, angeshukuru. Badala yake alivuta droo, akatoa lile daftari la shule na kulifungua mbele yake. Kurasa mbili zilikuwa zimejaa kwa kalamu nyekundu, mapacha wa kliniki moja kwa wiki saba. Akauliza kliniki ngapi zinatumia Daftari. Tisini na nne, alijibu. Namba zao za simu wanazo? Wanazo, Katibu anayo orodha.

"Sasa kwa nini hamkuwapigia simu?"

Fundi alilitazama lile daftari. Wiki saba. Si Profesa, si mchora ramani, si Katibu na herufi zake, hata mmoja hakuwaza kushika simu na kumwambia muuguzi chunga mapacha. Wale walitaka njia yao ipite. Na yeye alitaka mistari yake kumi na minne ipite, kwa kuwa ilikuwa mizuri na ilikuwa yake, na simu isingemsifia mtu. Aliwadharau kwa wiki saba na hakuwa amewazidi kitu.

Alimwandikia Katibu ujumbe kumwomba orodha, na kwa nini. Ilifika kabla hajaweka simu chini, na chini yake Katibu alikuwa ameongeza maneno machache: Nimeshaanza kutoka mwisho, wewe shuka kutoka juu. Hayakuwa na salamu, na Fundi alijua amestahili.

Dada alimsogezea kiti, cha watu wazima, karibu na mizani. Fundi akapiga namba ya kwanza. Sauti ya mwanamke ilipokea, nyuma yake watoto wanalia kama hapa. Alijitambulisha kuwa ni wa Daftari, akaeleza polepole: mapacha wa jinsia moja, wa pili anaonekana amechanjwa na hajachanjwa, usikiamini kioo. Alisikia droo inavutwa upande wa pili, kadi zinapekuliwa.

"Nina jozi tano," sauti ilisema. "Wawili niliwarudisha nyumbani mimi mwenyewe, nikawagombeza na mama zao kwamba wanatupotezea muda." Kadi zikapekuliwa tena. "Nyinyi huko mmelijua hili lini?"

Dada alikuwa amesimama na sindano mkononi, anamtazama.

"Wiki saba zilizopita," Fundi alisema.